Maswali ya Wasomaji: Seva Moja Frankfurt, Nyingine Cape Town, Funguo Anazo Nani?

Barua nyingi zilizoifikia safu hii mwezi huu zimetoka kwa ofisi ndogo na za kati ambazo zimejikuta na seva za wingu (kompyuta za kukodi zinazofikiwa kwa intaneti) kwa watoa huduma wawili, watatu au zaidi, bila mtu yeyote kukaa chini na kupanga iwe hivyo. Tumechagua tano. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu, kwa sababu karibu kila lililoulizwa katika hizo nyingine linaanzia hapo.

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeajiriwa na kampuni iliyoko Ntinda, Kampala, inayotengeneza programu ya kuendeshea shule: karo, alama na mahudhurio. Niliyempokea kazi aliondoka bila makabidhiano ya maandishi. Hadi sasa nimegundua seva mbili za DigitalOcean huko Frankfurt, moja ya Hetzner huko Helsinki, moja ya Amazon huko Cape Town, na tovuti ya kampuni iliyo kwa mtoa huduma wa hapahapa Kampala. Kila moja ina paneli yake (ukurasa wa kuisimamia) na nywila yake. Je, kuna programu moja ninayoweza kuinunua ili nizisimamie zote mahali pamoja? (Msomaji, Ntinda)

JIBU: Programu za namna hiyo zipo, na baadhi ni nzuri, lakini nakushauri usinunue hata moja kwa sasa. Paneli ya pamoja hukuonyesha kile tu ulichoiunganisha nacho, ilhali wewe hujajua bado una nini. Maneno yako "hadi sasa nimegundua" yamenitia wasiwasi kuliko idadi ya seva zenyewe.

Kwanza zitafute zilizobaki. Pitia taarifa za benki za kadi ya kampuni kwa miezi kumi na miwili iliyopita, uone ni nani anayekata fedha na kila lini. Pekua sanduku la barua pepe la ofisi kutafuta ankara. Kisha fungua rekodi za DNS, yaani orodha inayounganisha majina ya tovuti na seva zake, za kila jina la kikoa (jina la mtandaoni la kampuni) mnalolimiliki: kila rekodi ya A inaelekeza kwenye anwani ya IP, ambayo ni namba ya seva mtandaoni, na ukiiuliza amri ya whois kuhusu anwani hiyo itakuambia ni ya mtoa huduma gani. Anwani usiyoitambua ni seva ambayo hujaigundua, au ni mabaki ya seva iliyokwisha kufutwa, na hayo mabaki nayo ni hatari, kwa maana anwani iliyoachwa hupewa mteja mwingine, naye akijua anaweza kuweka ukurasa wake chini ya jina lenu.

Ukishamaliza, andika daftari. Lahajedwali ya kawaida inatosha, mradi isihifadhiwe ndani ya mojawapo ya seva hizohizo. Kila seva iwe na mstari wake, na mstari usomeke, kwa mfano, hivi: shule-db-hel1, Hetzner, Helsinki, mfumo endeshi wa Ubuntu 22.04, inabeba hifadhidata ya PostgreSQL ya programu ya shule, akaunti imesajiliwa kwa barua pepe ya idara ya ufundi, inalipiwa kwa kadi ya dola ya kampuni, ambayo muda wake unaisha mwezi wa tisa, wenye ufunguo ni wawili, nakala rudufu huenda Amsterdam kila usiku, mara ya mwisho nakala ilijaribiwa kurejeshwa mwezi wa tatu. Watu wengi hujaza jina la seva na anwani ya IP wakaona wamemaliza. Lakini siku ya matatizo, kitakachotafutwa ni tarehe ya mwisho ya kadi na jina la mwenye ufunguo.

Sasa tuje kwenye milango, nayo ni mitatu kwa kila seva. Mlango wa kwanza ni akaunti ya kwa mtoa huduma. Akaunti zote ziandikwe kwa anwani ya barua pepe ya kampuni, si ya mtu binafsi, na hapa kuna mtego mmoja ambao huwanasa hata watu makini: ikiwa barua pepe hiyo inatumia jina la kikoa la kampuni, na jina hilo limesajiliwa kupitia akaunti inayotumia barua pepe hiyohiyo, basi siku jina litakapoisha muda hutaweza kupokea ujumbe wa kubadilisha nywila ili ukalilipie. Akaunti ya msajili wa jina la kikoa iwe na anwani ya akiba iliyo nje ya kikoa hicho. Msimbo wa uthibitisho usitumwe kwa laini ya simu ya mfanyakazi, kwa kuwa akiondoka anaondoka nayo. Tumieni programu ya misimbo kwenye simu, na misimbo ya dharura ichapwe kwenye karatasi ikae kwenye sefu pamoja na vitabu vya hundi. Kwa akaunti ya Amazon kuna hatua moja zaidi: akaunti kuu ifungiwe kwa uthibitisho wa hatua mbili na isitumiwe kwa kazi za kila siku, bali kila mtu aundiwe utambulisho wake wenye ruhusa anazozihitaji tu.

Mlango wa pili ni SSH, yaani njia ya kuingia ndani ya seva yenyewe. Kila mtu awe na jozi yake ya funguo (faili mbili: ya siri hubaki kwa mwenyewe, nyingine huwekwa kwenye seva), ya aina ya ed25519, na kuingia kwa nywila kuzimwe kabisa. Wewe uliyerithi seva za mtu mwingine zingatia jambo hili: kumwondoa aliyekutangulia kwenye paneli ya mtoa huduma hakumwondoi kwenye seva. Ufunguo unaoonekana kwenye paneli hunakiliwa ndani ya seva siku inapoundwa, na baada ya hapo kuufuta kwenye paneli hakuigusi seva inayoendelea kufanya kazi. Lazima uingie katika kila seva, ufungue faili ya authorized_keys (orodha ya funguo zinazokubaliwa) ya kila mtumiaji, si ya root, yaani msimamizi mkuu, peke yake, na ufute mistari usiyoweza kueleza ni ya nani. Unapofanya hivyo, acha dirisha moja likiwa wazi na limeunganishwa, jaribu kuingia upya kwa dirisha la pili, na ukiona umekubaliwa ndipo ulifunge la kwanza.

Mlango wa tatu, ambao husahaulika, ni tokeni za API, yaani misimbo ya siri inayoiruhusu programu kumwamuru mtoa huduma moja kwa moja. Aliye na tokeni yenye ruhusa ya kuandika anaweza kuifuta seva nzima bila kuingia ndani yake hata mara moja. Zifute zote zilizopo, kisha unda mpya kwa kadiri kazi zinavyodai. Kitu kikikatika utajua mara moja kilikuwa kinategemea tokeni ipi, na hiyo nayo iandikwe kwenye daftari.

Baada ya hayo ndipo swali lako la programu linapopata maana. Kwa hali uliyoieleza ningeanza na Ansible, ambayo ni programu huria ya kutuma amri kwa seva nyingi, na sababu yake ni rahisi: hutumia SSH, kwa hiyo haijali mtoa huduma ni nani. Ubuntu ya Frankfurt na Ubuntu ya Cape Town ni Ubuntu ileile, na amri moja ya kuweka masasisho ya usalama, kuongeza ufunguo wa mfanyakazi mpya au kumwondoa aliyeacha kazi hutekelezwa kote kwa pamoja. Daftari lako hugeuzwa kuwa faili ya orodha ya seva ambayo Ansible huisoma. Kwa tovuti iliyo Kampala, kama ni sehemu ndogo ndani ya seva ya pamoja yenye cPanel (paneli ya kusimamia tovuti), iache nje ya mpango huu. Huko si wewe unayesimamia mfumo endeshi.

Utasikia pia watu wakiisifu Terraform, au OpenTofu iliyozaliwa baada ya HashiCorp, kampuni iliyoitengeneza, kubadilisha leseni ya Terraform mwezi Agosti 2023. Hizi hufanya kazi nyingine: huzungumza na API za watoa huduma ili kuunda na kufuta seva, mitandao na rekodi za DNS kwa kufuata maelezo yaliyoandikwa kwenye faili. Zinafaa sana, lakini msiamini dai kwamba ukiandika maelezo mara moja unaweza kuyahamishia kwa mtoa huduma mwingine. Seva ya Amazon huelezwa kwa maneno ya Amazon na ya DigitalOcean kwa maneno ya DigitalOcean. Kinachofanana ni sarufi tu. Isitoshe, faili ya hali (kumbukumbu ya vilivyoundwa) ambayo programu hizi huitunza mara nyingi huwa na nywila ndani yake zikisomeka waziwazi, hivyo inahitaji mahali salama pa kukaa. Subiri hadi utakapokuwa unajenga seva mpya, ndipo uzijenge kwa njia hiyo.

Nimalizie kwa jambo linaloonekana dogo. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayowahifadhia watu misimbo ya programu, aliyekuwa akihangaika usiku na seva mbili za hifadhidata alifuta saraka ya data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya pili. Data za saa sita hivi zilipotea, na kati ya njia tano za nakala rudufu walizodhani wanazo, hakuna iliyokuwa ikifanya kazi ya kutegemewa. Wewe una seva nne mbali na tovuti, na madirisha meusi manne yanayofanana hayakusaidii saa sita za usiku. Zipe seva majina yanayotaja kazi na mahali, jina hilo lionekane mwanzoni mwa kila mstari wa amri, na kwenye seva zinazohudumia shule lionekane kwa rangi nyekundu.

SWALI: Mhariri, salaam kutoka Mbale. Mimi ni mhasibu wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, na kwa kuwa hakuna mwingine, kompyuta nazo ziko mikononi mwangu. Mfumo wetu wa kupokea kahawa ulikuwa Ujerumani. Kijana aliyeutengeneza alishauriwa kwamba Afrika Kusini ni karibu zaidi, akahamishia programu kwenye seva ya Cape Town kwa mtoa huduma mwingine, lakini hifadhidata akaiacha palepale Ujerumani. Tangu hapo kurasa zinafunguka polepole kuliko mwanzo. Turudi tulikotoka? (Mhasibu, Mbale)

JIBU: Mhasibu, hesabu hii utaipenda. Mwanga ndani ya nyuzi za fiba husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Kutoka Cape Town hadi Ujerumani ni zaidi ya kilomita 9,000 kwa mstari ulionyooka, na kebo haziendi kwa mstari ulionyooka. Tuseme kwenda na kurudi ni milisekunde 150. Ukurasa mmoja wa mfumo kama wenu, ule unaoonyesha mkulima, mizani, daraja la kahawa na malipo yaliyobaki, unaweza kuiuliza hifadhidata maswali 40, moja baada ya jingine. Arobaini mara 150 ni milisekunde 6,000, yaani sekunde sita, kabla hata ukurasa haujaanza safari ya kuja Mbale. Programu na hifadhidata zilipokuwa Ujerumani zote mbili, maswali hayohayo 40 yalichukua muda usiohisika, na safari ndefu ilikuwa moja tu, ya kuwafikia ninyi.

Kwa hiyo kosa halikuwa Cape Town. Programu na hifadhidata yake ni vitu vya kukaa chumba kimoja, na mtu akitaka kutumia watoa huduma wawili, mstari wa kugawia usipite katikati ya hivyo viwili. Gawanya mfumo kwa mfumo, au weka kazi kwa mmoja na nakala rudufu kwa mwingine.

Mviweke pamoja wapi, basi? Hapo ramani inaweza kudanganya. Uganda haina pwani. Data zetu hutelemka hadi Mombasa kupitia Malaba au Busia, au hupitia Tanzania kwa njia ya Mutukula, ndipo zikutane na kebo za baharini: SEACOM na TEAMS, zilizoanza kazi mwaka 2009, EASSy ya mwaka 2010, na nyingine zilizofuata. Kutoka hapo, kampuni yenu ya intaneti ndiyo inayoamua mzigo upite wapi, na si ajabu data za kwenda Afrika Kusini zikazungushwa Ulaya kwanza kwa sababu za kibiashara kati ya kampuni na kampuni. Vituo vya Afrika Kusini vipo vya kutosha: Microsoft ilifungua mwaka 2019, Amazon ilifungua Cape Town mwaka 2020, na Google ilifungua Johannesburg mwanzoni mwa 2024. Ila ukaribu wao kwenu haupimwi kwa rula. Pima mwenyewe kwa amri ya mtr, kutoka kwenye kompyuta ya ofisini Mbale, kwa laini ya kila kampuni mnayoitumia, asubuhi, mchana na saa mbili usiku watu wanapokuwa mtandaoni kwa wingi. Mtr itakuonyesha kila kituo ambacho data zimepitia, na ukiona London au Marseille katika safari ya kwenda Cape Town, umepata jibu lako.

Kuna chaguo la tatu ambalo wengi huliruka, nalo ni Kampala. Watumiaji wenu wote wako kati ya miteremko ya Elgon na mji mkuu. Kituo cha kubadilishana trafiki cha UIXP kipo Kampala tangu 2001, na kampuni za intaneti zilizojiunga nacho hupitishiana data humo bila kwenda ng'ambo. Namanve nako kuna kituo cha data cha Raxio, ambamo watoa huduma mbalimbali hukodi nafasi. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika kwa pamoja upande wa Afrika Kusini, intaneti ilizorota Afrika Mashariki nzima, na miezi michache kabla ya hapo kebo kadhaa zilikuwa zimekatika katika Bahari ya Shamu. Siku kama hizo, seva iliyo Kampala huendelea kufikika kutoka Mbale, mradi na rekodi zake za DNS ziwe zinapatikana nchini. Kwa upande mwingine, watoa huduma wa hapa mara nyingi ni ghali zaidi kwa gigabaiti, wengi hawana API ya kueleweka, na ukitaka kuongeza kumbukumbu ya seva huenda ukalazimika kupiga simu na kusubiri. Mimi ningeweka mfumo wa kila siku Kampala na nakala rudufu Ujerumani, kama vipimo vitakubaliana nami. Vikikataa, rudini Ujerumani bila kuona haya.

Mkiamua kuhama, siku mbili kabla punguzeni TTL ya rekodi ya DNS (muda ambao mtandao huikumbuka anwani ya zamani) hadi sekunde 300, ili anwani mpya ienee kwa dakika badala ya siku. Hameni usiku usio wa mapokezi ya kahawa, fungeni uandishi kwenye mfumo wa zamani kabla ya kunakili hifadhidata, na seva ya zamani msiifute hadi mwisho wa mwezi.

Neno moja la pembeni. Kuanzia jioni ya tarehe 13 hadi tarehe 18 Januari 2021 intaneti ilizimwa nchini kipindi cha uchaguzi. Seva zilizokuwa ng'ambo ziliendelea kufanya kazi bila kufikiwa na wenyewe. Kazi yoyote ya kila siku, iwe nakala rudufu au kuhuisha vyeti vya usalama wa tovuti vya Let's Encrypt ambavyo kwa kawaida hudumu siku 90, ijiendeshe kwenye seva yenyewe, isingojee kompyuta ya mtu aliye Mbale.

SWALI: Watoa huduma wetu wawili wote wana kitufe cha nakala rudufu, nasi tumelipia kote kuwili. Fundi wetu anasema bado hatuna nakala rudufu. Anatutafutia gharama? (Meneja, Jinja)

JIBU: Fundi wako ana hoja nzito, Bwana Meneja. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la SBG2 la kampuni ya OVH huko Strasbourg, Ufaransa, na miongoni mwa wateja waliopoteza kila kitu walikuwemo waliodhani wamejikinga, kumbe nakala zao zilikuwa katika eneo hilohilo. Hata pasipo moto, nakala ya kitufe huishi ndani ya akaunti ileile. Akaunti ikisimamishwa kwa sababu kadi imekataliwa na barua za onyo zimekwenda kwa mtu aliyeacha kazi, seva na nakala zake huenda pamoja.

Ninyi mna bahati ya kuwa na watoa huduma wawili tayari. Nakala za wa kwanza zipelekwe kwa wa pili, na za wa pili kwa wa kwanza. Programu ya restic hufanya kazi hiyo bila malipo: husimba data kabla hazijaondoka, hutuma mabadiliko tu baada ya mara ya kwanza, na huhifadhi kwenye hifadhi yoyote inayofuata mtindo wa S3 (hifadhi ya faili ya Amazon), ambao siku hizi karibu kila mtoa huduma anao. Nywila ya restic ikipotea, nakala zimepotea, hakuna wa kukuokoa. Iwekwe kwenye sefu. Na tokeni inayotumika kutuma isiwe na ruhusa ya kufuta, maana mhalifu akiingia kwenye seva atakachokitafuta kwanza ni njia ya kufuta nakala.

Hifadhidata isinakiliwe kama faili za kawaida ikiwa inafanya kazi. Itolewe kwanza kuwa faili moja kwa amri ya pg_dump au mysqldump, na hiyo ndiyo ihifadhiwe. Tena angalieni saa: seva nyingi za wingu hutumia saa za UTC (saa za kimataifa), nasi tuko saa tatu mbele. Kazi iliyoandikwa ianze 02:00 itaanza saa kumi na moja alfajiri kwenu, na mkitaka saa saba usiku andikeni 22:00, mkijua kwamba faili itabeba tarehe ya siku iliyotangulia. Mhasibu akija kuomba nakala ya tarehe 30 hilo litaleta ubishi, afadhali liandikwe mapema.

Kisha, mara moja kila robo mwaka, fundi aunde seva tupu kwa mtoa huduma wa pili, arejeshe nakala humo, wewe mwenyewe ufungue mfumo na kutafuta muamala wa jana. Seva hiyo hulipiwa kwa saa, hivyo gharama yake haifiki bei ya chakula cha mchana. Asipoweza kuirejesha mbele yako, hapo ndipo useme hamna nakala rudufu.

SWALI: Tunaendesha kliniki Mbarara na rekodi za wagonjwa ziko kwenye seva ya Ulaya. Kuna aliyetuambia ni kinyume cha sheria. (Msimamizi, Mbarara)

JIBU: Si kinyume cha sheria kwa kule kuwa Ulaya tu. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inaruhusu data za watu kuhifadhiwa nje ya Uganda ikiwa nchi husika ina ulinzi usiopungua ule wa sheria yetu, au mwenye data ameridhia. Lakini rekodi za afya zimo katika kundi la data maalumu zenye masharti makali zaidi (taarifa za fedha nazo zimo, wenzetu wa Mbale wasikie), na mnatakiwa muwe mmesajiliwa katika Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari. Data zikivuja, mamlaka hiyo hujulishwa mara moja. Kwa mwenye watoa huduma wengi, ugumu uko hapa: lazima uweze kusema data za mgonjwa ziko nchi gani, pamoja na nakala zake zote. Seva ikiwa Ujerumani na nakala zikawa Singapore, jibu lenu lina nchi mbili, na zote mbili zitolewe maelezo. Mwanasheria wenu asome mkataba wa uchakataji data wa kila mtoa huduma. Hupatikana kwenye tovuti zao au kwa kuuomba.

SWALI: Nina seva ya majaribio niliyoizima tangu mwaka jana, lakini mtoa huduma ameendelea kukata dola kila mwezi. Na kwingine nilikohamia kwa kuwa ni rahisi, bili ya kwanza ilikuja mara mbili ya nilichotarajia. Mnatuibia? (Msomaji, Arua)

JIBU: Sisi hapana, msomaji wa Arua. Nao pia hawakukuibia, ingawa wangeweza kulieleza kwa herufi kubwa zaidi. Kwa DigitalOcean, Hetzner na wengi wa aina yao, seva iliyozimwa hulipiwa sawa na inayofanya kazi, kwa sababu diski, anwani na nafasi yake vimebaki vimetengwa kwa jina lako. Kwa Amazon, ukiisimamisha seva hulipii kichakataji, ila diski yake unaendelea kuilipia, na tangu Februari 2024 kila anwani ya umma ya IPv4 hutozwa dola 0.005 kwa saa, ambazo kwa mwezi zinakaribia dola tatu na senti sitini.

Bili iliyoongezeka mara mbili huenda imetokana na data zinazotoka. Wapo wanaouza seva pamoja na furushi kubwa la data. Seva za Hetzner zilizoko Ulaya huja na terabaiti 20 au zaidi kwa mwezi. Amazon hutoa gigabaiti 100 za bure kwa mwezi, kisha huko Frankfurt hutoza senti tisa za dola kwa kila gigabaiti, na Cape Town ni zaidi ya hapo. Tovuti inayotoa gigabaiti 500 kwa mwezi kutoka Frankfurt italipia 400, sawa na dola 36, pengine kuliko bei ya seva yenyewe. Ukilinganisha watoa huduma, andika safu nne: seva, diski, anwani, na data zinazotoka, kisha uongeze VAT ya asilimia 18 kwa wale wanaoitoza na makato ya benki ya kununua dola. Weka pia onyo la bili kwa kila akaunti, kila moja kwa kiwango chake, kwa maana hakuna mtoa huduma atakayekujumlishia bili za mwenzake.

Ile seva ya majaribio, chukua picha ya diski yake, kisha ifute seva yenyewe kabla mwezi haujageuka. Picha hulipiwa kwa ukubwa wake tu, na ukiihitaji tena utaunda seva mpya kutokana nayo kwa dakika chache. Itakuja na anwani nyingine ya IP, kwa hiyo kama kuna rekodi ya DNS inayoelekea kwenye ile ya zamani, ifute leo.